Karatasi Isiyo na Kichwa

Jumatatu, 5 Januari 1998

Haya Mpekuzi, karibu. Nakuita Mpekuzi kwa sababu daftari hili nalificha ndani ya debe la dagaa, chini kabisa. Kama umelipata basi umelitafuta, na mikono yako inanuka. Sikugombezi. Mimi mwenyewe nimekua kwa kupekua.

Naitwa Pudensiana, Pude inatosha. Miaka ishirini na moja, darasa la saba, sikuchaguliwa. Mama anauza dagaa wa Karema pale sokoni Shanwe, na magazeti ya kufungia yanakuja na treni, marobota kwa marobota, ya zamani, yamechanika. Sekondari yangu nimeisoma humo. Habari haina mwanzo, nyingine haina mwisho, picha nusu ya mtu anacheka hujui anacheka nini. Ukisoma vipande miaka saba unakuwa mjanja. Unaanza kujiuliza: huyu anayesema ni nani? Kasimama wapi? Anataka nini kwangu? Maswali matatu. Nimeyatunga mwenyewe, hakuna aliyenipa.

Na leo nimepewa darasa! Mimi! Mwalimu Eustace, aliyenifundisha toka la nne mpaka la saba, amestaafu, sasa ni mwenyekiti wa kamati ya kisomo cha watu wazima hapa Misunkumilo. Kaniita kwake, kanipa chaki sita na kamusi yake mwenyewe, ina jina lake ndani. Akasema, "Pude, hawa watu wanajua kuunga herufi. Wewe kawafundishe kusoma." Nilitaka kulia nikacheka. Wanafunzi ishirini na wawili. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, saa kumi jioni, ghala la zamani la ushirika. Linavuja sehemu tano.

Jumatano, 7 Januari

Saa kumi kamili niko ghalani. Wao wamefika kumi na nusu, matope mpaka magotini.

Nilikuja na kipande cha gazeti, kichwa cha habari nimekikata makusudi kwa mkasi. Kinasema tumbaku imeleta neema vijijini, wakulima wanacheka, nyumba zimeezekwa bati. Nikasoma mara mbili. Nikauliza, "Nani anasema?"

"Gazeti," wote kwa pamoja.

"Gazeti halina mdomo. Nani?"

Yotham, yule wa mashine ya kusaga, ambaye hata akioga masikio yanabaki na unga, akasema, "Ticha, jina simjui. Lakini huyo mtu hajawahi kuchochea moto kwenye bani la kukaushia tumbaku. Maneno yote hayo na hakuna hata mstari mmoja wenye moshi."

Mpekuzi, nilirusha chaki juu! Hakuna moshi! Yotham kalima tumbaku miaka minne akaacha, ndiyo maana kaona.

"Kwa hiyo anadanganya?" akauliza Bi Marsela. Huyu ni bibi wa Kipimbwe, rozari shingoni, analima mpunga mbuga ya Nsonga, na kila akikaa anapanguza benchi kwanza kama yuko kanisani.

"Si lazima adanganye, bibi. Labda kasimama mahali ambapo moshi haufiki."

"Basi asogee," akasema. Watu wakacheka hadi popo wakaruka.

Kuna mmoja hakucheka. Nashon, Msukuma, mrefu, miaka kama thelathini na tano. Alikuja na ng'ombe toka Shinyanga miaka sita iliyopita, kakaa hapohapo Nsonga, upande wa juu. Anakaa nyuma na fimbo yake. Ananuka maziwa yaliyoganda, nikisogea kwake nabana pua kidogo, Mungu anisamehe. Nikamwuliza kwa nini anasoma.

"Niliwahi kuweka dole gumba kwenye karatasi, mayu. Karatasi ikala ng'ombe wanne. Sitaki tena dole." Mayu kwao ni mama.

Ijumaa, 9 Januari

Mvua.

Jumatatu, 19 Januari

Treni hakuna. Reli imekatika huko, redio inasema ni Elinino, mama anasema ni Mungu. Magazeti hakuna. Nikawaambia kila mtu alete maandishi yoyote toka nyumbani.

Nashon kaleta chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Imeandikwa "Kwa matokeo bora tumia kila wiki." Nani anasema? "Mwenye dawa." Anataka nini kwako? Nashon kafikiri, kafikiri. "Anataka niimalize upesi." Nikampigia makofi peke yangu!

Bi Marsela kajifunga kanga, akageuka tusome mgongoni: NIMENYAMAZA SI KWAMBA SIONI. Yotham akasema, "Hiyo inamsema nani, bibi?"

"Jirani."

"Jirani gani?"

"Mwenye ng'ombe," akasema, akakaa. Watu wakageuka kumwangalia Nashon. Naye akainamia chupa yake akaisoma tena toka mwanzo.

Jumatano, 28 Januari

Leo Nashon kaandika jina lake lote bila kuangalia ubao. Wiki tatu kashinda na ile N tu, anaichora ardhini kwa fimbo huku anachunga. N yake ina pembe mbili juu, anasema bila pembe anaiona kama ndama. Nikawaambia darasa zima: dole gumba halina macho, kalamu ina macho. Sijui kijisemo hiki nilikitoa wapi. Kizuri eh? Yotham kakiandika mlangoni mwa mashine kwa mkaa.

Nimeenda kumwambia Mwalimu Eustace mbio mbio, hata viatu nimevishika mkononi. Kacheka. Akasema, "Nilijua. Tangu la nne nilijua."

Mpekuzi, baba sina. Nadhani mtu akiwa na baba ndivyo inavyokuwa.

Ijumaa, 6 Februari

Ng'ombe wa Nashon wameingia kitalu cha Bi Marsela. Miche yote, kwisha, matope matupu. Bibi kakaa kwenye tuta analia bila sauti, nimemkuta hivyo. Nashon kaja kuomba radhi, kaleta mbuzi, bibi kakataa hata kumwangalia mbuzi.

Nimeenda kwa Mwalimu Eustace nimewaka. Nimeropoka. Nimesema hawa watu wahame tu na ng'ombe wao, mbuga ni ya mpunga. Mwalimu kasikiliza yote, kaniongezea chai. Ananisikiliza yule mzee, si kama mama.

Jumatatu, 9 Februari

Bibi kapokea mbuzi. Lakini darasani kahamia benchi la mbele kabisa, na Nashon yuko nyuma kabisa.

Jumatano, 11 Februari

Mwalimu Eustace kaja darasani mwenyewe! Shati jeupe kwenye matope haya, kalamu mbili mfukoni. Kawaambia kuna wafadhili wanataka kuleta mabati na vitabu, ila wanataka kuona kwamba darasa kweli lina watu. Akanipa karatasi ndefu, imepigwa mistari kwa rula, namba moja mpaka thelathini. Juu kaacha nafasi tupu, upana wa vidole vinne. "Ni mahudhurio. Wewe uwe wa kwanza, Pude, uwaonyeshe." Akatoka nje kuongea na mtu wa baiskeli.

Unajua kwetu karatasi ya mahudhurio ilivyo. Mkutano haujaanza, mwenyekiti hajafika, karatasi imeshazunguka. Unasaini kwanza, maneno baadaye. Ni kama kunawa kabla ya ugali, nani anauliza maji yametoka wapi? Namba moja mimi, nikaandika na "Mwl." mbele, mara ya kwanza maishani. Bi Marsela namba mbili. Yotham kaacha unga kwenye karatasi. Nashon namba saba. Wengine bado wanaona aibu wakataka wino wa dole, yeye akasema hapana. Kachukua kalamu yangu, ulimi nje, jina zima, N yenye pembe. Watu wakapiga makofi. Hata Bi Marsela kapiga, kwa vidole viwili. Halafu tukaendelea na somo, tulikuwa tunasoma tangazo la chanjo.

Nageuza ukurasa nikwambie jambo dogo. Ile nafasi ya juu niliiona. Nilimfuata Mwalimu nje nikamwuliza, "Mbona haina kichwa?" Akasema, "Kichwa nitakipiga mwenyewe kwa taipureta." Halafu hapohapo akasema barua yangu ya kozi ya ualimu wa chekechea kule Sumbawanga anaiandika wiki hii, ana mtu anamfahamu. Maswali yangu yote matatu yalikuwa mdomoni. Nikayameza. Nikasema asante Mwalimu. Kozi, Mpekuzi! Kozi!

Jumatano, 25 Februari

Jumatano ya Majivu. Bibi kaja na msalaba wa majivu usoni, mvua imemchuruzisha mpaka puani. Nashon kampa upande wa turubai lake wakati wa kuondoka. Wametembea pamoja hadi kwenye daraja la magogo, hawaongei. Nimewaangalia mpaka wamepotea.

Jumatano, 4 Machi

Dagaa wameota ukungu. Mama hasemi na mtu.

Jumatatu, 16 Machi

Usinicheke mwandiko leo.

Asubuhi nimepeleka mahindi mashineni. Nje kuna watu kama kumi na tano na mashine haiungurumi. Nikajua kuna msiba. Yotham kasimama mlangoni, karibu na yale maneno yangu ya mkaa, mbele ya karatasi mbili zilizopigiliwa misumari. Fotokopi. Darasa langu nusu liko pale.

"Ticha kafika," akasema Yotham. Hakucheka. Yotham! "Haya, nyie, tufanye kama tulivyofundishwa. Nasoma."

Akasoma kwa sauti, neno moja moja, anapoteleza anarudi. Muhtasari wa mkutano wa wananchi wa mbuga ya Nsonga, uliofanyika tarehe 11 Februari 1998. Wananchi waliohudhuria, ambao majina yao yameambatanishwa, wameazimia kwa kauli moja kwamba familia zote za wafugaji ziondoke mbugani kabla ya tarehe 30 Aprili, na eneo la juu likabidhiwe Kikundi cha Wakulima wa Kisasa.

"Nani anasema?" akauliza Yotham.

"Wananchi," akajibu mama mmoja wa nyuma.

"Wananchi hawana mdomo. Nani?"

Akasogeza kidole chini. "Mwenyekiti wa mkutano, Mwalimu Eustace. Ambaye pia ndiye mwenyekiti wa hicho kikundi cha kisasa, wote tunajua. Mwandishi wa mkutano." Akaniangalia. "Mwandishi wa mkutano, Mwl. Pudensiana."

Nikasema sijaandika. Hakuna aliyegeuka.

Karatasi ya pili ni ile yetu. Mistari ya rula, majina yetu, hata alama ya unga wa Yotham imetoka nyeusi kwenye fotokopi. Ile nafasi ya vidole vinne imejazwa: MAHUDHURIO YA MKUTANO NA WALIOAFIKI MAAZIMIO.

Nashon alikuwa nyuma ya watu, wakampisha. Akaenda mpaka kwenye karatasi, akaweka kidole, akashuka nacho. Moja. Mbili. Tatu. Akasimama kwenye saba.

"Hii N ni yangu," akasema.

Akaigonga kwa ukucha.

"Ni yangu. Ina pembe." Akarudi karatasi ya kwanza, akaisoma mwenyewe, midomo inacheza, watu wamesimama tu kwenye manyunyu wanamsubiri amalize. Kamaliza. Akanigeukia. "Mayu mwalimu. Maana yake nimejifukuza mwenyewe?"

Nikasema Nashon, sikujua.

"Ulisema kalamu ina macho."

Nikasema sikujua, wallahi, na mimi ni Mkristo, sijui kwa nini nimesema wallahi.

"Dole langu lilikula ng'ombe wanne," akasema. "Kalamu yako imekula nyumba."

Akachukua fimbo yake akaondoka. Hakukimbia, hakutukana. Angetukana! Yotham akaingia ndani akawasha mashine, ikaunguruma, hapo hata ningesema nini nisingesikika. Mahindi yangu sijasaga.

Jumanne, 17 Machi

Nimeenda kwa Mwalimu Eustace. Njia nzima nilikuwa na maneno. Nilikuta anamenya karanga barazani, redio inaongea.

"Karibu Pude. Umekula?"

"Mwalimu, hakukuwa na mkutano."

"Kaa kwanza."

"Sikai. Hakukuwa na mkutano wowote ule."

"Watu walikuja?" Anamenya. "Walikaa? Walisaini? Sasa mkutano ni nini kingine?"

"Uliwaambia mabati!"

"Na mabati yatakuja. Kikundi kikivuna msimu ujao, tunaezeka ghala zima. Unadhani wafadhili wanatoka wapi, mbinguni?"

"Umemsainisha Nashon afukuzwe kwa mkono wake mwenyewe."

"Mimi?" Hapo ndipo akaacha karanga. "Mimi nilikuwa nje, mwanangu. Kalamu ilikuwa ya nani?"

Mpekuzi, ilikuwa yangu. Ile ya bluu.

Akazima redio. Akaongea polepole, ile sauti yake ya darasa la nne, ukikosea hesabu hapigi, anasogea karibu. "Ulikuja hapa tarehe sita, unalia kwa ajili ya miche ya Marsela. Ulisema wahame. Kwenye kiti hicho hicho. Mimi nimefanya nini? Nimechukua maneno yako nikayavalisha koti la ofisi."

"Nilikuwa na hasira!"

"Kila anayeandika ana kitu. Si ndilo somo lako? Wewe ulikuwa na hasira, mimi nina wajukuu tisa na pensheni isiyofika mwezi. Yule Msukuma ana nchi nzima ya kuchungia."

Akaingia ndani akarudi na bahasha, imefungwa, kwa juu jina la sista wa Sumbawanga. "Barua yako. Kozi inaanza Mei. Wewe nenda kasome, haya ya mbugani yaache kwa wenye mbuga."

Nilitaka kuichana mbele yake. Niliona kabisa mikono yangu ikichana. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikapiga goti kama nilivyofundishwa, nikaondoka.

Goti, Mpekuzi. Nimepiga goti.

Jumatano, 18 Machi

Saa kumi. Kumi na nusu. Kumi na moja. Mabenchi matupu na maji yanadondoka sehemu tano.

Kumi na moja na robo kaingia Bi Marsela. Kapanguza benchi, kakaa. Nikamwambia bibi, leo hakuna somo, hakuna watu.

"Mimi mbuzi?"

"Nilidhani utafurahi," nikasema. Maneno yametoka yenyewe. "Wakihama, mpunga wako unapona."

Bibi huyu mdogo wa umbo aliinuka akanijia, nikadhani ananizaba. "Sikiliza wewe mjukuu. Ng'ombe wa yule mtu nimewalaani kwa mdomo wangu. Mbele yake. Nikiwa nataka ahame nitamwambia hama, ana masikio makubwa. Sijamtuma mtu aniandikie. Hiyo namba mbili ni jina nililobatizwa nalo."

Miezi miwili nilikuwa namwona bibi mwenye kinyongo na mbuzi wa watu.

Akaniuliza, "Ile karatasi ulipoizungusha, ilikuwa na kichwa?"

"Haikuwa nacho."

"Uliona kwamba haina?"

Nikasema tufanye imla.

Ijumaa, 20 Machi

Mvua. Bibi peke yake. Anaandika vizuri sasa.

Jumatatu, 23 Machi

Nimefungua bahasha kwa mvuke wa sufuria. Nimesoma mara nne. Nakunakilia kipande:

"Binti huyu ni mtiifu sana. Ana mwandiko mzuri. Hutekeleza anachoagizwa na wakubwa wake bila kuwasumbua kwa maswali."

Bila kuwasumbua kwa maswali.

Mimi! Tangu la nne ananijua! Mimi niliyekuwa natolewa nje kwa kuuliza! Nikasema uongo mtupu, nikairusha, nikaiokota. Kisha nikajiuliza yale yangu. Nani anasema? Mwalimu Eustace. Kasimama wapi? Pale pale nje ya ghala, tarehe 11, mimi niko mbele yake nimefunga mdomo nasema asante. Toka pale aliposimama, hajadanganya hata neno.

Hicho ndicho kimeniuma kuliko muhtasari.

Nimeirudisha ndani ya bahasha. Sijaichana. Usiniulize kwa nini, ni barua ya kozi.

Alhamisi, 26 Machi

Nimeenda Nsonga juu. Mke wa Nashon anafungasha vyungu kwa majani ya mpunga. Kanipa maziwa kwenye kibuyu, kimya kimya, nikanywa yote, ule ule mnuko, nikagundua si mnuko mbaya, ni mnuko wa nyumba ya mtu. Nashon alikuwa kwenye zizi. Nikamwambia Jumanne katibu tarafa anakuja kusikiliza shauri la mbuga, nitasimama nitasema.

"Utasema nini?"

"Kwamba hapakuwa na mkutano."

"Na yeye atasema palikuwa. Yeye ana karatasi. Wewe una nini?"

 Jibu nimelipata njiani, kwenye daraja la magogo, karibu nianguke majini.

Nina wewe.

Jumanne, 31 Machi

Mvua imekata kidogo. Watu wamejaa nje ya ofisi ya kijiji, waliokosa nafasi wakachungulia dirishani. Katibu tarafa ni mwanamama, miwani, mkali, anaandika kila kitu. Mwalimu Eustace kavaa koti. Kanisalimia kwa jina, wote wakasikia.

Nikasimama. Nikasema tarehe 11 hapakuwa na mkutano, palikuwa na somo, tulisoma tangazo la chanjo, karatasi ilikuwa ya mabati. Nikasema uandishi wa mkutano nimebandikwa. Sauti ikapanda, naijua sauti yangu, inapiga mbinja kama birika.

Mwalimu akasimama baada yangu, taratibu. "Mheshimiwa, huyu ni kama mwanangu. Ana hasira na mimi. Alitaka barua ya kozi iwe na sifa zaidi, nikamwandikia ya kweli. Vijana." Watu wengine wakacheka. Wengine wa darasa langu, Mpekuzi.

"Una ushahidi?" akaniuliza katibu tarafa. "Maandishi. Maneno nimeshayasikia ya kutosha."

Yotham akapaza toka dirishani, "Sisi wote tulikuwepo!"

"Nyie wote mmesaini kwamba mlikubali," akasema mama yule, akainua karatasi. "Nikimsikiliza kila anayejuta saini yake sitakula mchana."

Nikaona Nashon pale ukutani, fimbo yake kaiacha nje, mikono haijui ikae wapi.

Nikasema, "Nina daftari. Naandika kila siku. Tarehe 11 imo, niliandika siku ileile."

Mwalimu Eustace akageuka. Mara ya kwanza toka nimjue, macho yake hayakuwa ya mwalimu.

"Liletwe kesho saa tatu," akasema katibu tarafa. "Zima. Ukurasa uliochanwa sipokei, wala ulioandikwa leo kwa wino mpya. Litasomwa hapa mbele ya wote."

Na Nashon akasema toka ukutani, sauti ya chini lakini wote walisikia, "Naomba nisome mimi. Ile siku yangu, nisome mwenyewe."

"Unajua kusoma?"

"Kanifundisha yeye."

Sasa ni saa kumi na moja jioni. Nimekaa mlangoni kwa mama, debe la dagaa miguuni, nimekufungua kwenye tarehe 11. Upande huu wa karatasi: mabati, mahudhurio, tangazo la chanjo, N yenye pembe. Huu ndio unaombakiza Nashon mbugani. Upande wa pili ni ule niliokwambia nageuza nikwambie jambo dogo. Niliiona nafasi. Nilijua. Nikameza kwa ajili ya kozi. Karatasi ni moja. Nimeinyanyua kwenye mwanga, maandishi ya huku yanaonekana kule.

Na kabla yake kuna tarehe sita, wahame tu na ng'ombe wao. Na kabla yake nimebana pua.

Mama kapita, kaniangalia, akasema, "Mbona unasoma daftari lako kama barua ya mtu mwingine?"

Ndivyo nilivyokuwa nasoma. Nani anasema? Pude. Kasimama wapi? Mahali ambapo moshi haufiki. Anataka nini kwako? Alitaka umpende, Mpekuzi. Hilo ndilo nililoliona leo, kila ukurasa.

Nimekufunga kwa kamba ya katani. Zima, na bahasha ya Sumbawanga ndani yako. Sijachana kitu. Kesho Nashon ataweka kidole kwenye mstari wa kwanza, atakwenda polepole kama anavyokwenda, ulimi nje, na atafika chini ya ukurasa. Akifika chini hatasimama. Nimemfundisha mimi mwenyewe kwamba asimwamini mwandishi kabla hajageuza karatasi.

Nachowaza sasa ni kitu kimoja tu. Wakati anageuza, niwe nimekaa karibu yake nimsaidie maneno magumu, au nisimame kule nyuma, kama alivyokuwa akikaa yeye darasani, karibu na mlango? Wewe uliyesoma pande zote mbili, ungekuwa wapi?